Nani Analipia Ulinzi wa Mto? Maswali Kuhusu Gharama za Kaunti Kusimamia Sheria za Mazingira

Mto ukifurika na maji kuingia nyumbani, au samaki wakielea wamekufa, watu huuliza kaunti ilikuwa wapi. Ni swali la haki. Lakini nyuma yake kuna jingine ambalo haliulizwi vya kutosha kwenye mabaraza ya wadi: kaunti ilitenga shilingi ngapi ili afisa wake awepo pale mtoni? Majibu yaliyo hapa chini ni ya wakazi wa Kenya wanaotaka kujua kazi hii inagharimu nini, nani analipa, na kwa nini mara nyingi pesa hukosekana penye haja zaidi.

Kwani kulinda mto si kazi ya NEMA?

NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo msimamizi mkuu, lakini haiko peke yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi hizi. Serikali ya kitaifa ilibaki na ulinzi wa mazingira na rasilimali za maji kwa jumla. Kaunti zikapewa utekelezaji wa sera hizo mashinani, ukiwemo uhifadhi wa udongo na maji. Pia uzoaji wa taka na majaa, mifereji ya maji ya mvua mijini, huduma za maji na majitaka, kero za umma, na upangaji wa ardhi.

Ukitaka kuona mgawanyo huo kwa macho, simama kwenye daraja lolote la mjini. Kiwanda kinachomwaga kemikali kinashughulikiwa na NEMA, iliyokipa leseni. Anayevuta maji kwa pampu kumwagilia shamba anapaswa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Taka za soko zinazosombwa na mvua, bomba la choo la ploti lililoelekezwa mtoni, jaa lililoachwa limeguke kuelekea bondeni, na ghorofa lililopewa kibali cha ujenzi karibu mno na maji, hayo yote ni ya kaunti. Na mengi ya yanayoonekana kwa macho mtoni ni ya aina hii ya pili.

Hapo ndipo shida ya pesa inapoanzia. Kazi ilishuka mashinani, ila hakuna kifungu kinachoiambia kaunti itenge kiasi fulani kwa ajili ya mito. Mito inagombania shilingi moja na dawa za hospitali, barabara za wadi na mishahara ya walimu wa chekechea.

Ukanda wa mto una upana gani?

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya EMCA, zilikataza kulima au kujenga ndani ya eneo linalolingana na upana kamili wa mto, lisipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, likipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa.

Tuliweke kwa hesabu, maana hesabu hii ndiyo inayotisha wenye bajeti. Mto wenye upana wa mita 10 una ukanda wa mita 10 kila upande. Kwa kila kilomita moja ya mto, hizo ni hekta 2, karibu ekari 5. Mto mpana unaofikia kikomo cha mita 30 una hekta 6 kwa kilomita, karibu ekari 15. Kaunti yenye mamia ya kilomita za mito na vijito ina maelfu ya ekari za kulinda, na ardhi yote hiyo ni nyembamba, ndefu, imepita nyuma ya mashamba na nyumba za watu, na mara nyingi haina hata njia ya kufikika kwa gari.

Afisa wa kaunti ana mamlaka gani hasa?

Inategemea ni afisa yupi. Afisa wa afya ya umma ana Sheria ya Afya ya Umma mkononi: anaweza kutoa notisi ya kuondoa kero, na asiposikilizwa akamfikisha mwenye ploti mahakamani. Afisa wa mipango anatumia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 kusimamisha ujenzi usio na kibali. Askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, wanasimamia sheria ndogo za kaunti.

Mkaguzi wa mazingira chini ya EMCA ni jambo tofauti. Huyo sharti atangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali na mkuu wa NEMA. Sheria inaruhusu atangazwe kwa jina au kwa cheo, kwa hiyo afisa wa kaunti anaweza kupata mamlaka hayo akiwa na sifa. Kaunti ambayo haijawatafutia maafisa wake tangazo hilo inalipa mshahara kamili kwa mtu mwenye nusu ya nguvu. Kati ya hatua zote zinazozungumziwa hapa, hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na mwakilishi wadi yeyote anaweza kuiuliza kamati ya mazingira ya bunge la kaunti kesho asubuhi.

Gharama kubwa ni mishahara, sivyo?

Kwenye karatasi, ndiyo. Mtoni, hapana. Mshahara hulipwa kila mwezi hata afisa akikaa ofisini, na hapo ndipo kaunti nyingi hujidanganya: zinaajiri, kisha zinasahau kila kitu kinachomwezesha yule aliyeajiriwa kufanya kazi.

Afisa anahitaji pikipiki au gari, na mafuta, matairi na bima vyake. Anahitaji gambuti, jaketi, kamera inayorekodi mahali na saa, chupa safi za sampuli na kikasha cha barafu. Anahitaji posho ya siku za kazi za nje, hasa za usiku, maana wanaofungulia majitaka hawasubiri saa nne asubuhi. Anahitaji mwenzake, kwa sababu kutembea peke yako kwenye bonde lenye wapishi wa chang'aa au wachimba mchanga ni kuhatarisha maisha. Mara nyingine anahitaji polisi, na kaunti haina polisi wake. Polisi ni wa taifa, na hupatikana kwa kuombwa.

Tufanye mfano wa hesabu. Tuseme kaunti ina kilomita 300 za mito na maafisa 6 wanaotembea wawili wawili. Kingo ni mbili, kwa hiyo ni kilomita 600 za kutembea. Kila jozi ikimaliza kilomita 6 kwa siku, jozi tatu zinamaliza 18, na mzunguko mmoja unachukua siku 33 na ushei. Lakini wiki si ya kutembea tu. Kuna kuandika ripoti, kuhudhuria mahakama, kujibu malalamiko, na vikao. Zikibaki siku mbili za doria kwa wiki, mzunguko mmoja unachukua karibu miezi minne. Yaani kila kona ya mto inaonwa na afisa mara tatu kwa mwaka, na hapo hakuna aliyeugua wala pikipiki iliyoharibika.

Ndiyo maana doria ya kupita kila mahali ni matumizi mabaya ya pesa kidogo. Kaunti yenye busara huanza kwa kuorodhesha mabomba, majaa, machinjio, sehemu za kuoshea magari, viwanda vya kahawa na sehemu za mchanga, kisha inapeleka watu wake huko mara kwa mara na bila taarifa. Katika Murang'a, Kiambu, Nyeri na Kirinyaga, kwa mfano, maji ya kumenyea kahawa huwa mengi msimu mkuu wa mavuno, kuelekea mwisho wa mwaka. Afisa anayetembelea kiwanda cha kahawa mwezi Agosti ameteketeza mafuta bure.

Kwa nini kaunti isiajiri maafisa wengi zaidi?

Kwa sababu ya kikomo cha mishahara. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na kaunti kadhaa zimekuwa zikivuka mpaka huo. Kwa upande wa pili, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ielekezwe kwenye maendeleo. Ukaguzi wa mto si maendeleo kwa tafsiri hiyo, kwa kuwa hakuna jengo la kuzindua wala utepe wa kukata. Unabanwa katikati, kwenye matumizi ya kawaida, pamoja na bili za umeme na karatasi za ofisi.

Naona hapa pana kasoro ya mpangilio, na haitatuliwi kwa kuwalaumu maafisa. Kaunti inaweza kupata mamilioni ya kujenga ukuta wa kuzuia mafuriko, kwa kuwa ukuta ni maendeleo, huku ikikosa mafuta ya pikipiki ambayo yangezuia watu kujenga kwenye bonde lile lile.

Kesi moja dhidi ya mchafuzi inagharimu nini?

Inagharimu zaidi ya watu wanavyodhani, na gharama yenyewe huanza kabla ya mahakama.

Kusema "maji yalikuwa meusi na yananuka" hakumtii mtu hatiani. Afisa anapaswa kuchukua sampuli juu ya bomba, kwenye bomba lenyewe, na chini yake, ili ionekane uchafu umetoka wapi. Sampuli za kupima vijidudu zinapaswa kuwekwa kwenye baridi na kufika maabara ndani ya saa 24. Kipimo cha oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu, kile kinachoitwa BOD, huchukua siku 5 maabara. Kanuni za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za BOD kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, na hakimu atataka kuona namba hiyo ikiwa imetoka kwenye maabara inayotambuliwa. Kila sampuli inalipiwa. Kila mkono uliopokea chupa lazima uandikwe. Chupa ikilala mahali pasipojulikana usiku mmoja, wakili wa mshtakiwa atalishika hilo na kesi itaporomoka.

Baadaye yanakuja ya mahakamani. Mwenye mamlaka ya mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na wakaguzi au mawakili wa kaunti wanaoendesha kesi hufanya hivyo chini ya idhini yake. Kesi huahirishwa. Kila inapoahirishwa, afisa ametumia siku nzima na nauli, na mto umekosa macho. Mchafuzi mwenye uwezo hukata rufaa au kwenda kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba amri ya kusimamisha hatua za kaunti. Hapo kaunti inahitaji wakili mzoefu, na ada za mawakili wa nje zimezua maswali mengi katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Ndiyo maana notisi iliyoandikwa vizuri, ikifuatiliwa kwa ziara ya pili siku iliyotajwa, mara nyingi hufanya kazi kuliko kesi. Ila notisi bila ziara ya pili haina thamani, na ziara ya pili inahitaji mafuta.

Faini zinazolipwa zinaingia mfuko gani?

Kaunti inagharamia doria, sampuli na safari za mahakamani, lakini faini hulipwa mahakamani, na mahakama ni taasisi ya kitaifa. Kaunti zimelalamikia jambo hili kwa miaka mingi, hasa kuhusu faini za makosa chini ya sheria zao zenyewe. Katika miaka ya karibuni sheria za mgao wa ziada kwa kaunti zimekuwa na fungu la kurudisha faini za mahakama, ambalo ni jambo jema. Hata hivyo pesa hizo hupitia Nairobi na bunge kabla ya kurudi, na zikifika huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti, ambako idara ya mazingira inazipigania kama idara nyingine yoyote.

Usiombe kaunti ijiendeshe kwa faini. Afisa anayetegemea faini kupata mafuta atawafuata wanaokamatika kwa urahisi, yaani mama anayefua na kijana anayeosha magari, na kuacha bomba kubwa lenye wakili. Kilicho na maana zaidi kwenye EMCA ni uwezo wa mahakama kuamuru mchafuzi alipe gharama yote ya kusafisha alichokichafua. Amri hiyo inapaswa kuombwa katika kila kesi, na ili iombwe, afisa lazima awe ameandika tangu mwanzo kila shilingi iliyotumika.

Je, ada na leseni haziwezi kulipia kazi yote?

Sehemu tu. Kibali cha kuvuta maji na malipo ya matumizi ya maji ni ya WRA. Leseni ya kumwaga majitaka yaliyosafishwa ni ya NEMA. Hizo ndizo ada nene za mtoni, na zote ni za kitaifa. Kaunti inabaki na vibali vya biashara, ada za taka, kodi ya ardhi na ada za vibali vya ujenzi. Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kutoza huduma inayotoa, kwa hiyo inaweza kuweka kwenye Mswada wa Fedha wa mwaka ada ya ukaguzi kwa machinjio, sehemu za kuoshea magari na magari ya kunyonya majitaka. Pesa kubwa kabisa hata hivyo hutoka kwenye mgao wa taifa, uliokuwa shilingi bilioni 415 kwa kaunti zote 47 katika mwaka wa fedha wa 2025/26.

Kuna pia mpango wa FLLoCA wa kufadhili shughuli za tabianchi mashinani, unaoungwa mkono na Benki ya Dunia na washirika wengine. Kupitia kamati za wadi, wananchi huchagua miradi, na kuhifadhi kingo za mto ni mradi unaokubalika. Uzuri wa fungu hili ni kwamba wakazi ndio wanaopanga. Ubaya ni kwamba miradi ina mwisho, na mto hauna.

Majengo yakibomolewa, nani hulipia?

Sote, na mara mbili. Mwezi Agosti 2018 kikosi cha pamoja cha taasisi za serikali kilibomoa majengo yaliyodaiwa kukalia kingo za mito jijini Nairobi, yakiwemo South End Mall upande wa Lang'ata na Ukay Centre huko Westlands. Tingatinga, polisi, kuhamisha vifusi na kesi zilizofuata ni pesa za umma. Na kabla ya hapo palikuwa na ofisi fulani ya umma iliyopitisha ramani.

Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya maskini. Mafuriko ya Machi hadi Mei yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na serikali ikaamuru waliokuwa kando ya mito kuhama. Nyumba za Mathare na Mukuru zilibomolewa mvua ikiendelea kunyesha, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia upya. Nani anaweza kuanza maisha upya Nairobi kwa kiasi hicho?

Ubomoaji ni bili ya ukaguzi ambao haukufanyika. Msingi ukiwa bado mtaro, notisi moja na ziara mbili zinatosha. Ghorofa likisimama na wapangaji kuingia, inahitajika amri ya mahakama, polisi, mashine na mahali pa kuwapeleka watu. Kaunti inayotaka kuokoa pesa iweke afisa wa mipango na afisa wa mazingira kwenye gari moja, wapite ukandani ujenzi ungali msingini.

Iweke pia alama za mpaka. Mpima ardhi na vigingi vya saruji vinagharimu, lakini vinamaliza ubishi wa "sikujua". Mwenye hati ya shamba linalofika majini anaweza kuwa na hati halali kabisa. Kinachobanwa na sheria ni matumizi ya ile sehemu ya ukanda. Alama zikiwepo mapema, mazungumzo hayo hufanyika kwa utulivu.

Mto unapita kaunti nyingi. Kwa nini kaunti yangu ilipe peke yake?

Haipaswi. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, unapita katikati ya jiji, unaungana na Mathare na Ngong, unaingia Mto Athi, na baada ya Ukambani na Tsavo unaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Uchafu wa jiji na udongo wa mashamba ya juu unafika Kilifi, ambako hakuna aliyeutupa. Afisa wa Kilifi hawezi kumpa notisi mwenye ploti wa Nairobi, hata afanye doria usiku na mchana.

Upande wa pili wa shilingi ni Murang'a na Nyandarua, zinazotunza mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Maji mengi yanayonywewa Nairobi yanatoka bonde hilo la juu la Tana. Mkulima wa Gatanga akiacha kulima hadi ukingoni, faida inaonekana kwenye mitambo ya kusafisha maji ya jijini, si kwenye hazina ya Murang'a. Ndiyo maana Hazina ya Maji ya Tana ya Juu na Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2015, ilikusanya pesa kutoka kwa watumiaji wakubwa wa chini na kuzipeleka kwa wakulima wa juu kujenga makinga maji, kupanda nyasi na kuhifadhi kingo. Mpangilio huo ni wa haki, na kaunti zinazoshiriki mto mmoja zinaweza kuuiga kwa maafisa wao: maabara moja ya pamoja, orodha moja ya wachafuzi, wakili mmoja mzoefu anayelipwa na wote.

Na uchimbaji wa mchanga?

Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka maalumu ya kuisimamia. Kwa kaunti kavu, mchanga wa mtoni ndio tangi la maji: maji hukaa ndani yake kiangazi na watu huyachota kwa kufukua. Ukiisha, visima vya kando hukauka. Kwa hiyo gharama ya vizuizi barabarani na doria za usiku inapaswa kulinganishwa na bei ya kupeleka maji kwa malori, si na ada ya mchanga pekee. Ulinzi huu ni wa hatari kuliko mwingine wote. Malori huja usiku, wenye malori wana pesa, na vijana wa kijiji wanalipwa kupakia.

Vikundi vya wananchi haviwezi kuifanya kazi hii kwa bei nafuu?

Vinaweza kufanya nyingi. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji, WRUA, ambavyo huandaa mpango wa bonde lao dogo pamoja na WRA. Wanajua nani aliweka pampu juzi na nani alipanda mikaratusi ukingoni. Kaunti inaweza kuingia nao mkataba wa kupanda miti ya kienyeji, kutunza vigingi na kuripoti.

Lakini wasitumwe kukamata watu. Jirani hawezi kumshitaki jirani kisha akaendelea kuishi naye kwa amani, na hana bima wala sare ikiwa atapigwa panga. Kaunti inayotumia kujitolea kwa wananchi kama kisingizio cha kutoajiri inahamisha hatari kutoka kwa mwenye mshahara hadi kwa asiye nao.

Maafisa wakiongezwa, si hongo pia itaongezeka?

Hofu hiyo ni ya kweli, na wengi wana sababu ya kuwa nayo. Kinachopunguza hongo ni mambo ya kawaida yanayohitaji pesa kidogo: maafisa kwenda wawili, notisi zenye namba za mfululizo, picha zenye mahali na saa zinazotumwa ofisini hapo hapo, malipo yote kwa njia ya kidijitali, na orodha ya notisi kubandikwa hadharani kila mwezi. Orodha hiyo ndiyo silaha kuu. Ukiona jina la machinjio halipo ilhali harufu ipo, umepata swali la kuuliza. Hongo ikidaiwa, peleka taarifa kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi.

Kaunti ikiacha kutumia pesa hizi, si itakuwa imeokoa?

Imehamisha bili tu. Kampuni ya maji italipia dawa zaidi za kusafisha na kupandisha bei. Zahanati zitapokea wenye kuhara na kipindupindu. Na kuna bili ya mahakamani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika na madini ya risasi kutoka kiwanda cha jirani, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo hiyo Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni taasisi za umma zilizopaswa kusimamia. Haikuwa kesi ya mto, lakini kila gavana angefaa kuisoma: kutosimamia sheria kunaweza kuwa deni.

Nitajuaje kaunti yangu inatenga kiasi gani?

Fuata kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Waraka wa Februari ndio wa kuwahi, maana hapo ndipo kila idara inapangiwa ukomo wake. Ukija Mei kulilia mafuta ya doria, keki imeshakatwa.

Ukipata makadirio, usitosheke na jumla ya "Mazingira, Maji na Maliasili". Nenda kwenye matumizi ya kawaida, tafuta mafuta, matengenezo ya magari, posho za safari za ndani, vifaa vya maabara na huduma za kisheria. Kisha linganisha na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti za kila robo mwaka, zinazoonyesha kilichotumika kweli. Pesa zilizotengwa na kutotolewa hazijamfikisha mtu yeyote mtoni.

Ukinyimwa takwimu, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na ikikaa kimya unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Naweza kwenda mahakamani mwenyewe?

Ndiyo. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kudai haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara.

Kikundi chetu kina akiba kidogo. Tuwanunulie maafisa mafuta?

Msifanye hivyo, hata kwa nia njema. Leo ni ninyi, kesho ni mwenye machinjio, na afisa atakuwa na deni la shukrani kwa kila aliyemjazia tangi. Akiba yenu inafaa kwingine: kulipia kipimo cha maji kwenye maabara inayotambuliwa ili mpeleke malalamiko yenye namba, kununua miche ya mianzi na miti ya kienyeji, kuchapisha ramani ya wadi yenye mabomba yote mnayoyajua na kuipeleka kwa Kamati ya Mazingira ya Kaunti ikiwa na tarehe na mhuri wa kupokelewa. Weka nakala ya ukurasa wenye mhuri. Kikao kijacho cha bajeti kikifika, mwakilishi wadi wenu awe nayo mkononi anapouliza lile fungu la mafuta lilienda wapi.